Kalipa ya Mkono wa Kulia

Fundi Karanja tulimzika Jumamosi moja ya baridi kule Grand Prairie, karibu na Dallas, alikohamia uzeeni ili awe karibu na binti yake. Tulipotoka makaburini tulirudi kwenye ukumbi wa kanisa, tukapewa chai ya maziwa, wali, mbuzi na viazi. Mwendesha shughuli akauliza kama yupo aliyefanya kazi na marehemu na angependa kusema neno. Wale wa zamani wa Houston wakanigeukia. Nikasimama na mtandio wangu mbele ya watu ambao wengi wao hawakunijua, nikasema kwamba marehemu ndiye aliyenifundisha kushika spana, na kwamba alikuwa mtu anayejua kukubali. Nikakaa. Walinipigia makofi ya adabu. Nadhani wengi hawakuelewa nilichokusudia kwa neno lile la mwisho, isipokuwa Mama Furaha, aliyekuwa amekaa kando yangu, mkongojo wake ukiwa umelazwa miguuni. Yeye alinishika kiganja akakibana. Niliendesha kwa muda wa saa nne kurudi Houston naye amelala kiti cha pembeni, na njia nzima nikawa najilaumu kwamba pale ukumbini nilitoa kipande tu. Hiki hapa kilichobaki.

Mwaka ninaouzungumzia nilikuwa na miaka ishirini na sita, na makazi yangu yalikuwa nusu ya chumba Gulfton, mtaa mmoja wa Houston. Nusu ya pili ilikuwa ya Nyambura, mwanamke wa Nyeri mwenye sauti kubwa na moyo mkubwa kuliko sauti. Kati ya magodoro yetu kulikuwa na pazia la leso zangu mbili zilizoshonwa pamoja, na dirisha letu lilitazama maegesho, kwa hivyo asubuhi tuliamshwa na injini za majirani kabla hata saa haijalia. Juu yetu alikaa Mama Furaha, mjane kutoka Bukavu, na kwake ndiko tulikokula. Jikoni mwake mlikuwa na meza moja na viti vinne, nasi tulikuwa wanawake sita, kwa hiyo wawili kila siku walikula wamesimama, sahani mkononi, mgongo kwenye friji. Alipika sombe, yaani kisamvu, kwa mawese na ugali wa muhogo. Nyambura alinung'unika kwamba ugali ule unanata kama gundi, kisha akaongeza. Mimi nilileta mahamri siku za Jumapili. Nikikumbuka Marekani yangu ya mwanzo, sioni majumba marefu ya mjini. Naona mvuke kwenye kioo cha jiko lile, na wanawake sita wanaozungumza Kiswahili cha aina tatu, kila mmoja akiamini chake ndicho kilichonyooka.

Sote sita tulifanya kazi mahali pamoja, katika nyumba moja ya kutunzia wazee mbali upande wa magharibi, wengine wakifua na wengine wakipika. Na sote tulikwenda kwa gari moja, la Mama Furaha. Lilikuwa la Kifaransa, refu, lenye safu tatu za viti, ndugu wa yale yaliyokuwa yakipakia abiria saba kati ya Mombasa na Nairobi nilipokuwa mdogo. Mama Furaha alilinunua kwa sababu hiyohiyo: alipoliona limeegeshwa na kibandiko cha kuuzwa, aliona kwao. Hakuna aliyemwambia kwamba kampuni ile ilishaacha kuuza magari Marekani miaka mingi kabla, na kwamba siku chuma kitakapovunjika hakutakuwa na duka la kwenda kukitafuta. Hata angeambiwa, nadhani angelinunua vilevile.

Siku yenyewe ilikuja bila kishindo. Kwa muda breki zilikuwa zikilia kama mtu anayekwaruza sufuria, na sisi tukapaza tu sauti kuishinda kelele ile. Asubuhi moja Mama Furaha alikanyaga breki kwenye taa nyekundu, gari likavuta kushoto, likateleza taratibu, likaenda kusimama katikati ya njia panda. Lori lililokuwa likitokea kulia lilitukwepa kwa kiasi cha mkono mmoja. Dereva wake hata honi hakupiga. Nakumbuka uso wake tu. Mama Furaha aliwasha taa za hatari, akaliingiza gari pembeni mwendo wa kobe, akakaa mikono juu ya usukani. Hakuna aliyelia. Nyambura alisema tutachelewa.

Karanja alikuwa na gereji Alief, mtaa mwingine wa Houston, chumba kimoja cha bati nyuma ya duka la vyakula vya Kiafrika, na watu wetu wote walimpelekea magari yao. Alikuwa mtu mfupi, wa maneno machache, mwenye kofia ya sufu hata wakati wa joto. Alivua magurudumu ya mbele akatuita tuone. Kabla ya siku ile sikuwahi kujua breki inafanyaje kazi. Alituonyesha diski, sahani ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu. Akatuonyesha kalipa, chuma kinachoikumbatia diski. Na ndani ya kalipa, pedi mbili zinazoibana. Pedi zilikuwa zimekwisha hadi chuma kikawa kinasaga chuma. Diski alisema zitachongwa zikae sawa. Lakini kalipa ya mkono wa kulia ilikuwa imeganda kwa kutu, haibani wala haiachii, na ndiyo sababu gari lilivuta kushoto. Akaagiza kalipa na pedi kwa simu, akatuambia Alhamisi.

Alhamisi pedi zilifika na hazikuingia. Zilikuwa ndefu kwa unene wa shilingi. Zikarudishwa, zikaja nyingine, na zile nyingine zilikuwa sawasawa na za kwanza. Kalipa nayo ilikuwa na matundu ya boliti yaliyokaa karibu mno. Duka la spea likasema kwamba kitabu chao kinasema hizo ndizo za gari lile na mwaka ule, na kama hazikai basi gari ndilo lenye makosa. Mimi nilikuwa pale siku hiyo kwa sababu Kiingereza changu ndicho kilichokuwa na nafuu kati yetu, nami ndiye niliyepewa simu. Niliirudisha nikiwa na hasira ambayo sikujua nimpe nani.

Karanja hakuwa na hasira. Alichukua pedi moja, akaifunga kwenye jiliwa la mezani, linalobana chuma kisicheze, akavaa miwani ya kukingia macho, akaokota grainda ya kusagia chuma. Alisema ataipunguza pembeni ikae, na ile kalipa iliyoganda ataifungua, aisugue kwa msasa, airudishe na mpira wake wa zamani. Aliyasema hayo kwa utulivu wa mtu aliyefanya hivyo maisha yake yote. Alisema aliwahi kuteremsha malori kwenye mteremko wa Mai Mahiu kwa pedi za kuchonga, mvua na ukungu, na bado yuko hai. Mimi niliuona tena uso wa yule dereva wa lori. Mkono wangu ukaenda wenyewe ukakaa juu ya jiliwa, juu ya pedi.

"Fundi, usikate," nilisema.

Aliinua miwani. "Wewe msichana, toa mkono. Hii ni grainda."

"Hizi si zake."

"Na zake ni gani?"

"Sijui bado. Najua tu hizi si zake."

Alinitazama, kisha akamtazama Mama Furaha, mwenye gari, kama mtu anayemuuliza mzazi atamfanya nini mtoto wake. Nyambura alikuwa mlangoni, akitazama saa. Halafu Mama Furaha akasema tungoje, na Karanja akaweka grainda chini, akaenda kuendelea na gari la mtu mwingine. Alisema bila kugeuka kwamba nina maswali mengi kuliko magari yaliyoko pale. Sikuwa nimewahi kumzuia mtu mzima kufanya kazi yake, wala kubaki na jambo ambalo mimi peke yangu ndiye niliyelazimika kulimaliza.

Wiki tatu zilizofuata zilikuwa chungu. Gari lilibaki juu ya jeki, nasi tukapanda mabasi mawili kwenda kazini, tukiamka saa kumi alfajiri, na bado tulichelewa kila basi la kwanza lilipolikosa la pili. Msimamizi aliwaonya wawili wetu. Jikoni mazungumzo yalikatika nilipoingia. Jioni moja nilikuwa nimebeba kapu la nguo kwenda kwenye chumba cha mashine za kufulia pale chini, na kabla sijausukuma mlango nikasikia sauti ya Nyambura ndani. Alikuwa akisema kwamba ameshaonywa mara mbili, kwamba ata-lose job kwa sababu ya mtoto wa Mombasa aliyejifanya makanika kwa siku moja, na kwamba fundi alikuwa na dawa mkononi. Nilisimama na kapu langu. Mama Furaha alimjibu polepole, na maneno yake nayakumbuka kama yalivyotoka:

"Rukia hakusema anajua. Alisema hajue. Mutu wa kusema hajue, uyo njo minaamini."

Nilirudi juu bila kufua. Nilikaa kwenye godoro langu nyuma ya pazia la leso, nikaona haya na fahari kwa pamoja, na kesho yake, siku yangu ya mapumziko, nilirudi gereji mapema nikamwomba Karanja brashi ya waya na mafuta ya taa. Alinipa vyote viwili. Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikaisugua ile kalipa iliyoganda hadi vidole vikachubuka. Chini ya uchafu wa miaka kumi na mitano zikatokea herufi tatu zilizochorwa ndani ya chuma chenyewe. Kwenye ile kalipa mpya iliyokataa kuingia herufi zilikuwa tofauti kabisa.

Ndipo nilipokumbuka kwamba ndani ya gari, kwenye kisanduku cha mbele ya abiria, mlikuwa na kitabu kinene cha mafundi kilichoachwa na mwenyewe wa kwanza, Mfaransa aliyekuja kufanya kazi ya mafuta. Chote kilikuwa Kifaransa, kwa hiyo mimi nilikiona kama karatasi tu. Jioni ile nilikiweka juu ya meza ya jikoni, katikati ya masufuria. Mama Furaha alikausha mikono, akavaa miwani, akaanza kusoma kwa sauti kama anayesoma Injili, kidole kikitembea chini ya mstari. Kule Bukavu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Sisi tulimjua kwa sombe na kwa kufua mashuka, na kwa aibu yangu nasema kwamba sikuwahi kumuuliza. Alisoma ukurasa mzima, akarudi nyuma, akasoma tena. Kisha akageuza kitabu ili nami nione picha.

"Hapa baliandika freni iko namna mbili," alisema, akimaanisha breki. "Viwanda viwili. Ya kwetu ni ya pili."

Herufi tatu zilikuwa pale, zimechapwa chini ya mchoro. Gari moja, mwaka mmoja, na viwanda viwili tofauti vilivyotengeneza breki zake. Kitabu cha duka la spea kilijua kiwanda kimoja tu. Nyambura, aliyekuwa amesimama na sahani yake penye friji, alikuja akainama juu ya picha ile. Hakuomba radhi. Aliuliza kama nimekula, akanipakulia.

Sasa nilijua natafuta nini, na kujua unachotafuta ni nusu ya kukipata. Nilikwenda maktaba, nikakaa kwenye kompyuta ya umma, nikawakuta watu wanaoyapenda magari yale wakiandikiana kwenye mtandao kutoka kila pembe ya nchi. Niliandika herufi zangu tatu. Baada ya siku nne alinijibu mzee mmoja wa Grand Prairie aliyeitwa Dale, akanitaka nimpigie simu. Alikuwa na mizoga mitatu ya magari hayo nyuma ya nyumba yake, lakini hakuwa tayari kumtumia mtu kitu kwa posta, kwa sababu kila aliyetumiwa, alisema, alikuwa ameagiza kisicho chake. Akanihoji kama polisi. Boliti ngapi? Kutoka tundu hadi tundu ni kiasi gani? Diski ina unene gani? Nilikuwa nimepima vyote kwa rula ya Karanja na kuviandika kiganjani. Ndipo akaniuliza ni gereji gani ninayofanyia kazi. Nikamwambia nafua mashuka. Akaniambia nije Jumamosi, nije na kalipa yangu ya zamani.

Nilipanda basi la Dallas na kalipa ile mapajani, imefungwa kwenye leso, nzito kama mtoto mchanga. Binamu ya Mama Furaha, aliyefanya kazi kwenye maghala ya huko, alinipokea kituoni akanifikisha. Dale alikuwa mrefu, amepinda mgongo, na macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, kwa hivyo alipapasa zaidi ya kutazama. Hakunikaribisha ndani, bali alinipa glasi ya chai baridi tukiwa tumesimama kwenye nyasi, akaifungua leso yangu, akapitisha kidole gumba juu ya zile herufi tatu na kuitikia kwa kichwa. Kibandani mwake mlikuwa na makreti ya spea yaliyofunikwa magunia. Alitoa pedi zikiwa bado ndani ya boksi lake, boksi limebadilika rangi, na mipira mipya ya pistoni, kile kichuma kinachosukuma pedi. Kisha akatoa kalipa, safi, pistoni yake ikiteleza vizuri, akanipa.

Niliiweka chini kando ya yangu. Herufi zilikuwa zilezile, matundu yalilingana. Lakini kuna kitu hakikukaa. Kwa wiki tatu nilikuwa nimeishika ile ya zamani zaidi ya nilivyoshika sahani ya chakula, na kila kalipa ina skrubu ndogo ya kutolea hewa, ambayo Karanja alinionyesha siku ya kwanza na kuniambia lazima iwe juu, kwani hewa hukimbilia juu. Kwenye hii aliyonipa Dale, nikiigeuza ikae kama itakavyokaa garini, skrubu ilielekea chini. Nikamwambia, kwa heshima, kwamba nadhani hii ni ya kushoto. Aliichukua, akaipapasa kote, akacheka peke yake. Akaingia tena kibandani, na safari hii akatoka na ya kulia. Aliniambia kwamba kama ningeondoka na ile ya kwanza, tungeifunga ikaingia bila taabu, na tungetoa hewa wiki nzima bila hewa kwisha. Hakutaka kupokea chochote zaidi ya bei ya pedi. Akaandika namba yake ya simu juu ya boksi, akasema nikikwama tena na gari lolote la zamani nimpigie, na nilimpigia kwa miaka minane hadi binti yake alipopokea badala yake.

Jumapili saa sita mchana niliweka vitu vile mezani kwa Karanja. Wanawake wote walikuja, wamevaa nguo za kanisani, wakasimama nje ya bati kwenye kivuli. Karanja alichukua pedi, akaisukuma kwenye nafasi yake. Ikaingia kama droo. Akaitoa, akaiingiza, akaitoa tena. Mara ya tatu aliiacha ndani. Alivua kofia yake ya sufu, akajifuta uso nayo.

"Ningekata zile," alisema. "Dakika moja tu, ningekuwa nimekata."

Nilidhani atainama aendelee na kazi. Badala yake aliokota taa ya mkono yenye waya mrefu, akaiwasha, akachuchumaa pembeni ya gurudumu.

"Kuja ufunge wewe. Mimi nitashika taa."

Nimefanya mambo kadhaa tangu siku ile. Nina duka langu Alief la spea za magari ambayo maduka mengine yameyasahau, na watu hunipigia kutoka majimbo nisiyowahi kukanyaga. Lakini fahari yangu kubwa ni kwamba mtu aliyefanya kazi ile tangu kabla sijazaliwa aliona amekosea, akasema mbele ya watu sita, akachukua taa. Alinishikia bila kutikisika kwa saa nzima, akiniambia tu, kaza, legeza, sasa ile ya juu. Tulipotoa hewa yeye alikanyaga pedali nami nilikuwa chini, na nilipomwambia mafuta ya breki yanatoka bila povu aligonga mlango mara mbili, kama anavyogongewa dereva wa lori aondoke. Tangu wiki iliyofuata nilikuwa gereji kila Jumamosi. Kila gari lililomshinda kwa spea aliliweka pembeni hadi nifike, na wateja aliwaambia kuna mtu anayetafuta.

Siku hiyo, baada ya kunawa, Mama Furaha alinipa ufunguo. Leseni yangu ilikuwa na miezi miwili. Alisema aliyesema hizi ndizo zake ndiye ataendesha kwanza. Niliona ni haki. Nikaingia peke yangu, nikarekebisha kiti, nikatazama kioo, nikaanza kupanga kichwani nitazunguka wapi pasipo na watu. Mlango wa abiria ukafunguka, akaingia Karanja, mikono yake bado ina mafuta, akafunga mkanda. Ukafunguka wa nyuma, akaingia Mama Furaha na kitabu chake. Kisha Nyambura, kisha wale watatu wengine, wakikusanya nguo zao za kanisani, wakisukumana kwenye safu ya mwisho, wakilalamika joto. Niliwaambia wasubiri kwanza nijaribu. Wakafunga milango.

Nikatoka na gari. Mbele ya barabara kubwa taa ilibadilika, ya manjano, kisha nyekundu, na nyuma yangu Nyambura alikuwa akieleza jinsi mawese yanavyoharibu mboga, na Mama Furaha akimbishia. Nikakanyaga breki. Pedali ilikuwa ngumu na ya juu chini ya mguu wangu. Gari halikuvuta kushoto wala kulia, lilitulia nyuma ya mstari mweupe. Karanja alitazama mbele, akaitikia kwa kichwa mara moja. Nyuma Nyambura aliendelea na mawese yake, hakukatiza hata neno moja. Gari lilikuwa limesimama naye hakujua.